Prius ya 2011 inakata nguvu Kitonga: fundi wa kwanza kasema betri, wa pili inveta, wa tatu pampu

#1 MamaWawili (Morogoro)

Wakuu habari zenu.

Nina Prius ya 2011, gari la haibridi (injini ya petroli na mota ya umeme), ile ya injini 1800. Niliinunua 2018 ikiwa na kilomita 96,000, leo inasoma 231,000. Hapa mjini naitumia kila siku, na kila baada ya wiki mbili naenda nayo Ruaha Mbuyuni kwenye biashara yangu ya vitunguu, mara nyingine nafika Iringa mjini.

Wiki tatu zilizopita nilikuwa napanda mlima Kitonga, kwenda Iringa. Mbele lori la mbao, nyuma basi linapiga honi. Gari ikalegea ghafla. Nakanyaga mafuta, haiitikii. Spidi ikashuka 50, 30, 20. Pembetatu nyekundu ikawaka na kioo cha katikati kikaandika Kijapani. Nikajibanza pembeni pale penye upenyo, nikashuka kuweka mawe kwenye tairi huku mikono inatetemeka, mwanangu wa mwisho kalala siti ya nyuma. Nilizima, nikakaa kama dakika ishirini, nikawasha tena. Ikaandika READY kana kwamba hakuna kilichotokea, ikapanda mpaka juu. Tangu siku hiyo imerudia mara mbili, zote mchana wa jua kali na zote mlimani.

Nimepita kwa mafundi watatu. Wa kwanza kasema betri kubwa imekufa, milioni mbili na laki nane. Wa pili kasema inveta (kifaa kinachopeleka umeme wa betri kwenye mota) ndiyo ugonjwa wa hizi gari, milioni moja na nusu kwa inveta iliyotoka kwenye gari iliyochinjwa. Wa tatu hakuchomeka hata mashine, kainamisha sikio kwenye boneti akasema pampu ya inveta, laki mbili na nusu.

Siwezi kulipa zote tatu. Anayejua anisaidie: mtu wa kawaida anajuaje ni ipi?

#2 Msafiri255

Pole sana dada, Kitonga si mahali pa kuachwa na gari. Kabla ya yote: hao wawili waliochomeka mashine walikuandikia namba za kosa? Kuna P0A80, P0A93, P0A94, na kila moja ina maana yake. Bila hizo tutakuwa tunapiga ramli.

#3 Nyundo Kali

Hakuna cha ramli. Gari ya 2011, betri ya tangu kiwandani, kilomita laki mbili na ushee, joto letu hili. Betri za hizi gari ni za nikeli, zina seli 28, moja ikichoka inazivuta zote. Badilisha betri dada, uendelee na biashara.

#4 fundi_waya (Dar)

Nyundo, nakuheshimu ila hapo rekebisha. Si seli 28, ni moduli 28. Kila moduli ina seli sita, kwa hiyo seli ni 168, kila moja volti 1.2. Ndiyo unapata 201.6. Jambo hili lina uzito kwa sababu kompyuta ya betri haipimi moduli moja moja, inapima mbilimbili, makundi 14. Mashine ikikwambia kundi la saba ni dhaifu, mgonjwa yuko katika moduli mbili na hujui ni yupi mpaka ufungue.

MamaWawili, nikueleze kwa nini mafundi watatu wanaweza kutofautiana na kila mmoja akawa na hoja. Betri kubwa inatoa volti 200 na kitu. Inveta inazipandisha mpaka kufikia 650 kabla ya kuzipeleka kwenye mota. Kazi hiyo inaifanya iwe moto sana, kwa hiyo ina maji yake ya kuipoza, kitangi chake na pampu yake ya umeme, mbali kabisa na maji ya injini. Betri nayo ina feni yake. Kimoja kati ya hivyo kikizidiwa, kompyuta inapunguza nguvu ili kitu kisiungue. Ukiwa kwenye usukani unaona kitu kilekile: pembetatu na gari kulegea. Na mlima ndipo vyote vinabanwa kwa pamoja.

Kesho asubuhi fanya jambo moja la bure. Gari ikiwa ya baridi, na nasisitiza ya baridi, fungua kifuniko cha kitangi cha maji ya inveta. Washa mpaka READY, mulika ndani kwa tochi ya simu. Maji yakiwa yanachezacheza, pampu inasukuma. Yakiwa yametulia kama ya mtungini, pampu imekufa au kuna hewa ndani. Angalia na rangi yake, utuambie.

#5 Kijana wa Ilala

Mimi nauza spea na ninachokiona kila siku ni inveta. Hizi Prius za 30, kizazi cha tatu kama yako, inveta ni kidonda chake. Mwaka 2014 Toyota wenyewe waliita magari milioni 1.9 dunia nzima yarudishwe kurekebishwa, wakayabadilishia inveta zote. Kama gari yako iliruka huo wito, una jibu lako.

#6 Msafiri255

> Kijana wa Ilala: wakayabadilishia inveta zote

Hapana mkuu. Wito wa Februari 2014 ni kweli na idadi ni hiyo, lakini walichofanya ni kubadilisha programu ya kompyuta inayoendesha inveta, ili vile vipande vya ndani vinavyopandisha volti visipate joto kupita kiasi. Inveta yenyewe ilibadilishwa kwa aliyekuwa ameshaharibikiwa. Halafu Oktoba 2018 ukaja wito mwingine wa magari kama milioni 2.4, kwa sababu ilionekana gari ikipata hitilafu inaweza isiingie kwenye ile hali ya kutembea polepole bali ikazima kabisa.

Dada, gari zilizouzwa Japani kwenyewe hazina ile namba ndefu ya herufi na tarakimu 17. Zina namba ya chesisi inayoanza na ZVW30, kisha tarakimu. Ukiiandika kwenye tovuti ya Toyota ya Japani, upande wa wito, utaona kama gari yako ilishafanyiwa kabla ya kupanda meli.

#7 Bahari Kuu (Mombasa)

Sisi wa pwani tuna la kuongeza. Betri yangu ilihukumiwa kufa na makanika wawili. Wa tatu akaifungua mbele yangu. Vile vipande vya shaba vinavyounganisha moduli vilikuwa vimeota ukungu wa kijani, nati zimeliwa na chumvi. Alivitoa vyote, akavisugua kwa brashi na siki mpaka vikang'aa kama pete, akavirudisha na nati mpya. Nimeendesha miaka miwili tangu hapo. Betri haikuwa imekufa. Umeme ulikuwa unakwama njiani, basi, kompyuta inaona volti zimeshuka inadhani moduli ni mbovu.

Kabla hujanunua betri, waambie wakuonyeshe shaba.

#8 Nyundo Kali

Morogoro kuna bahari?

#9 Bahari Kuu

Gari ilifika bandarini kwa meli, ndugu yangu, haikuruka angani. Na hujui kule Japani ilikaa mji gani.

#10 DogoMashine

Samahani wakubwa, je, haiwezi kuwa altaneta? Gari yangu ilikuwa inakosa nguvu vilevile kumbe altaneta haichaji.

#11 fundi_waya

Prius haina altaneta, mdogo wangu. Haina hata stata. Injini inawashwa na mota iliyo ndani ya gia, na mota hiyo inakula umeme wa betri kubwa. Betri ndogo ya volti 12 iliyoko kwenye buti inachajiwa na inveta yenyewe, inashusha volti 200 kuwa 14.

Umenikumbusha hilo la betri ndogo hata hivyo. Ikichoka, kompyuta zinachanganyikiwa. Gari inakataa kuingia READY, taa zinawaka mti wa Krismasi, na wengi wameuziwa betri kubwa kwa kosa la betri ndogo. Ila kwa dalili za MamaWawili sioni kama ni hiyo. Betri ndogo inakusumbua asubuhi unapowasha, haikusubiri Kitonga saa saba mchana.

#12 Mkulima wa Thika

Niunge mkono hapo kwa betri ndogo. Nina Fielder haibridi ya 2014, mfumo wake ni mdogo kuliko wa Prius, volti 144. Iligoma kabisa pale Blue Post, nikaivuta hadi kwa makanika. Akaniambia betri kubwa. Nikapiga hesabu nikaona shamba langu lote la kahawa haliniletei hiyo pesa msimu huu. Jirani akaleta waya za kuwashia kutoka pickup yake, akagusa betri ndogo tu, gari ikaamka. Nikanunua betri ndogo, ile ya kufungwa yenye mrija wa kutolea hewa, maana inakaa ndani na abiria. Sijaona taa tena.

Huku kwetu sheria ya miaka minane inafanya gari ziingie zikiwa bado na nguvu, lakini baada ya hapo ni sisi na makanika wetu. Zile za mwanzo sasa zimefika umri wa kusumbua, zote kwa mpigo.

#13 MamaWawili

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Majibu haya hapa.

Nimefungua kitangi asubuhi. Maji yapo chini ya alama ya chini. Yanatikisika, lakini kidogo, kama chai unayoipuliza. Na rangi si ya waridi, ni kahawia kama maji ya kuoshea mchele yaliyolala. Ndipo nikakumbuka: mwaka juzi gereji moja ya njiani walinijazia maji kwenye "rejeta", nikaona wanachota kwenye ndoo. Sikujua kuna vitangi viwili.

Fundi wa kwanza nimempigia, akanitumia picha ya mashine. Kuna P0A80 na P0A93. Zote mbili.

Na yale maandishi ya Kijapani nilikuwa nimeyapiga picha, kuna mtu humu anaweza kusoma? Yule fundi wa pili alisema yameandikwa "inveta".

#14 Msafiri255

Umeniwekea picha kwenye ujumbe, nimeiona. Hayasemi inveta wala betri. Yanasema tu kagua mfumo wa haibridi. Hayo ndiyo yanatokea kwa kosa lolote la mfumo huo.

P0A93 ni upoozaji wa inveta. P0A80 ni kompyuta kusema badilisha betri kubwa. Kwa hiyo fundi wa tatu na wa kwanza kila mmoja ana karatasi mkononi. Wa inveta hana: P0A94, ile ya inveta yenyewe, haipo.

#15 Kijana wa Ilala

Haipo leo. Inveta iliyopikwa bila maji mwaka mzima utaniambia ni nzima?

#16 fundi_waya

Hoja nzuri, sikatai. Ila kwa mpangilio wa pesa, unaanza na kilicho nafuu na chenye ushahidi. Maji ya ndoo ndani ya inveta yanaleta kutu na mchanga, pampu yake ni ya umeme na ndogo, inachoka. Suuza mfumo, weka pampu mpya, weka kulanti (maji maalumu ya kupozea) ya waridi iliyochanganywa kiwandani, toa hewa vizuri. Kutoa hewa wengi wanaruka. Unafungua ule mdomo wa kutolea, unaiacha pampu izunguke, unaongeza, unasubiri, unaongeza tena. Hewa ikibaki ndani, pampu mpya nayo itaonekana mbovu. Kizazi cha pili cha Prius kiliwahi kuitwa mwaka 2012 kwa ajili ya pampu hiyohiyo, kwa hiyo si jambo geni.

Ukimaliza, futa makosa yote mawili, uone lipi linarudi lenyewe.

#17 Profesa Nati

Mmesahau injini. Prius hizi za 1800 zikipita laki mbili, ule mfumo wa EGR, unaorudisha sehemu ya moshi ndani ya injini, unaziba masizi, na nyuma yake gasketi ya kichwa inaanza kupitisha maji. Dalili: asubuhi ukiwasha, injini inatetemeka na kugonga sekunde kumi hivi, kama inataka kung'oka, kisha inatulia. Maji ya injini yanapungua bila kuona tone chini. Mlimani injini inakosa nguvu, betri inabebeshwa mzigo wote, inashuka, inachemka, inatoa P0A80. Hapo unabadilisha betri na baada ya miezi sita unarudi palepale.

MamaWawili, asubuhi inatetemeka?

#18 MamaWawili

Profesa umenitisha. Inatetemeka. Si kila siku, hasa ikilala kwenye baridi. Nilidhani ni mafuta.

#19 Nyundo Kali

Haya, tulianza na magonjwa matatu sasa manne. Tukifika kumi tutaanza kuchangia mchango wa harusi.

#20 Ssali wa Kisekka (Kampala)

Nawasoma toka Uganda. Nina la kusema kuhusu betri za kukarabatiwa, kwa maana dada atauziwa.

Nilibadilishiwa moduli mbili tu, bei ilikuwa nzuri. Miezi mitatu, moduli nyingine ikafa. Wakabadilisha moja. Wiki sita, nyingine. Sababu ni kwamba ukiweka moduli yenye nguvu katikati ya wazee, hazichaji wala kushuka pamoja, wazee wanasukumwa mpaka wanaanguka mmoja mmoja. Mwishowe nilinunua seti nzima na nikajumlisha: ningeanza na seti ningeokoa nusu.

Kama fundi anakarabati kweli, mwulize anazipanga vipi. Mwenye kujua anazichaji na kuzishusha mara kadhaa, anapima uwezo wa kila moja, anachagua zinazolingana. Asiye na mashine ya kufanya hivyo anabahatisha na pesa yako.

#21 DogoMashine

Mimi nimeona video, mtu anafungua betri mwenyewe sebuleni, anabadilisha moduli kwa saa mbili. Dada si unaweza tu kufanya mwenyewe uokoe hela?

#22 fundi_waya

Hapana. Naomba hili lisomwe na kila mtu.

Waya zote za rangi ya chungwa zina volti za kuua. Kuna plagi ya usalama kwenye betri, mpini wake nao ni wa chungwa. Unaichomoa kwanza, unaiweka mfukoni kwako ili mtu mwingine asiirudishe, unasubiri dakika kumi zile kapasita za inveta ziishiwe chaji. Glovu ni za mpira zilizopimwa volti 1000, si za jikoni wala za ngozi. Pete, saa, mkufu, vyote vinatoka.

Na hapa ndipo watu wanajidanganya: kuchomoa plagi hakuzimi betri. Kunaikata vipande viwili. Kila kipande bado kina volti za hatari. Niliwahi kumwona kijana gereji ambayo sitaitaja, spana ilimponyoka ikaangukia vipande viwili vya shaba. Mwanga kama wa kuchomelea, ncha ya spana ikayeyuka ikabaki kama mshumaa. Mkono wake ulikuwa umeshaondoka kwa sekunde moja. Sekunde moja tu. Sebuleni na watoto wanazunguka? Hapana.

#23 DogoMashine

Nimeelewa kaka. Nafuta wazo.

#24 Bi Salma wa Tanga

Mimi si fundi, ni mwenye gari tu. Wakati mnabishana hapo juu, hakuna aliyemuuliza mwenzetu siti ya nyuma anabeba nini. Pembeni mwa siti ya nyuma ya Prius kuna kidirisha chenye matundu. Hapo ndipo betri inavuta hewa ya ndani ya gari kujipoza. Mimi nilikuwa naweka mkoba wa nguo za mtoto hapohapo kila siku, mwaka mzima. Feni ilikuwa inanguruma kama panga boi la zamani na sikujua ni nini.

MamaWawili, vitunguu unaviweka wapi?

#25 MamaWawili

Bi Salma. Ngoja nikaangalie.

#26 MamaWawili

Nimerudi. Wakuu, nimekaa chini.

Sampuli zangu za vitunguu, magunia madogo matatu au manne, huwa nayapanga siti ya nyuma, moja linaegemea palepale. Nimeita kijana, tumefungua kidirisha na kutoa feni. Ndani kuna blanketi. Maganda ya vitunguu, yale mekundu membamba kama karatasi, yameshikana na vumbi na nywele mpaka yamekuwa kitambaa. Nimekivuta chote kwa kipande kimoja. Mapanga ya feni yalikuwa yamejaa nafasi zote, ukipuliza hakuna hewa inayopita. Harufu ya kitunguu imejaa chumba.

Miaka sita nabeba vitunguu kwenye hii gari.

#27 Bi Salma wa Tanga

Usijilaumu mwanangu. Hakuna anayetuambia tukinunua.

#28 Nyundo Kali

Bi Salma kwa kweli nakuvulia kofia. Mafundi watatu na sisi wote humu hatukuliona.

Ila nasimama palepale: betri iliyopikwa miaka sita bila hewa haiponi kwa kufagiliwa.

#29 fundi_waya

Na mimi nakubaliana na Nyundo kwa mara ya kwanza. Betri za nikeli zinaogopa joto kuliko kitu chochote. Na zinazoumia kwanza ni za katikati ya mpangilio, za pembeni zinapata hewa kidogo.

Dada nunua kile kidude kidogo cha kuchomeka chini ya usukani kinachoongea na simu kwa blututhi, weka programu ya Dr Prius. Utaona makundi yote 14. Usiangalie gari ikiwa imesimama. Mtu mwingine aendeshe, akanyage kwa nguvu, wewe uangalie lipi linazama peke yake.

#30 Mkulima wa Thika

Tukiwa hapo, hiyo Prius inakula lita ngapi siku hizi? Betri ikichoka jambo la kwanza utaona ni mafuta.

#31 MamaWawili

Zamani ilikuwa kilomita 21 kwa lita nikienda Iringa. Safari ya mwisho ilikuwa 15 na kidogo. Nilidhani ni mzigo.

#32 Babu wa Corolla

Corolla yangu ya 110 inakula zaidi ya hapo lakini haijawahi kuniandikia Kijapani. Rudini kwenye gari za kueleweka.

#33 Kijana wa Ilala

Mzee, Corolla yako haipiti foleni ya Ubungo ikiwa imezima injini. Kila gari ina zama zake.

#34 Haki na Usawa (Arusha)

Mimi nilikuwa na Honda Fit haibridi ya 2011. Betri yake ilipochoka niliendelea kwenda kazini miezi minne. Ile injini inaweza kuwashwa na stata ya kawaida ya volti 12, mota ya umeme inasaidia tu. Prius bila betri kubwa haitoki getini. Kwa mtu anayepita porini hilo alifikirie kabla ya kununua.

#35 Msafiri255

Ni kweli kwa ile ya 2011. Ile Fit iliyofuata, ya 2013, ni mfumo tofauti kabisa, gia yake ina klachi mbili na betri ni ya lithiamu. Msinunue mkidhani ni ileile.

#36 MamaWawili

Wakuu, zimepita wiki mbili, narudisha mrejesho.

Nilimrudia yule fundi wa tatu, aliyesikiliza kwa sikio. Ameweka pampu mpya, amesuuza, kulanti ya waridi, na ametoa hewa kama fundi_waya alivyoeleza, nilisimama hapo nikimsomea kutoka kwenye simu. Maji sasa yanaruka kwenye kitangi kama yanachemka. Feni ya betri nimesafisha. Siti ya nyuma haina kitu.

Jumamosi nilipanda Kitonga saa saba mchana, jua lile. Ikapanda. Nililia kidogo pale juu, nawaambia ukweli. Kurudi niliweka gia ya B, ya kushikilia gari kwa injini, kwenye mteremko, betri ikajaa vijiti vyote vya kijani, injini ikawa inanguruma kuzuia gari.

Jumanne, Mikumi, tambarare kabisa, pembetatu ikawaka. Haikukata nguvu sana, lakini iliwaka. Kosa ni P0A80 peke yake. P0A93 haijarudi.

Kidude nimenunua. Mdogo wangu akaendesha, mimi nikaangalia. Ikisimama makundi yote yako 16.0 hadi 16.1, la nane lina 15.8. Akikanyaga, mengine yanashuka 14.9, 14.8. La nane linaanguka 13.6. Akiachia linarudi haraka.

#37 Nyundo Kali

Tofauti ya volti 1.3. Nilisema ukurasa wa kwanza.

#38 Bahari Kuu

Linaanguka kwenye mzigo na kurudi haraka. Hiyo hata shaba yenye kutu inafanya hivyo. Fungueni muone kabla ya kuhukumu.

#39 Ssali wa Kisekka

La nane ni katikati. Ni joto. Na majirani zake la saba na la tisa yako vipi? Kama nayo yameanza kulegea, usikubali kubadilishiwa moduli mbili.

#40 MamaWawili

La saba 14.6. La tisa 14.7.

#41 Ssali wa Kisekka

Basi yameanza.

#42 Profesa Nati

Na mtetemo wa asubuhi mmeuacha? Kabla ya betri, pima gasketi kwa presha ya maji na usafishe EGR. Ukiweka betri mpya juu ya injini inayokosa silinda moja, utaichosha na hiyo.

#43 Kijana wa Ilala

Na mimi nashikilia inveta iliyokunywa maji ya ndoo. Tutaonana humu kabla ya mwaka kuisha.

#44 fundi_waya

Mimi ningefanya hivi: plagi itolewe na mtu mwenye glovu, shaba zisafishwe zote siku moja, nati mpya. Ni kazi ya laki moja na nusu ukipata mtu mwaminifu. Kisha pima tena kundi la nane kwa mzigo uleule. Likibaki 13.6, Nyundo ameshinda. Likipanda, Bahari Kuu. Ukiwa huko muulize fundi akuazime ile mashine ya presha kwa ajili ya hoja ya Profesa, maana nayo ina mashiko.

#45 MamaWawili

Ijumaa nampelekea. Nitasimama hapohapo, nitapiga picha ya kila kipande cha shaba. Jumamosi lazima niende Iringa mjini, mzigo wa watu unanisubiri, kwa hiyo nitaendesha nikiwa nimewasha kidude kirekodi kundi la nane na joto la inveta mpaka juu ya Kitonga. Vitunguu vitakaa kwenye basi.

#46 Bi Salma wa Tanga

Mtoto mwache nyumbani safari hii. Na beba kulanti lita mbili, na gogo la kuwekea tairi, yale mawe ya pale yanateleza.

#47 Mdau wa Ilula

Mimi nakaa hapa juu ya mlima. Ukifika bonde la chini nitumie ujumbe, nina Land Cruiser na kamba.